Mwenye Mgonjwa Huulizwa Mgonjwa

Mwenye mgonjwa huulizwa mgonjwa. Mmelisikia neno hilo kwa shangazi yenu leo mchana, mlipokuwa mkitunga masharti ya kundi lenu la simu la wafuga kuku, na nyote mkatazamana kama watu waliosomewa hukumu. Kuku wenyewe hamjanunua hata mmoja, lakini fomu ya kujiunga ina maswali kumi na moja! Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Muheza palikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Zaituni, muuguzi mstaafu aliyekaa wodini miaka thelathini. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ulimi wake nao haukuwa mzito. Alipostaafu hakukunja mikono. Alianzisha kundi la simu akaliita Uguza Mwenzio, kwa ajili ya watu wanaouguza jamaa zao nyumbani. Mtu wa Handeni aliuliza namna ya kumlisha baba asiyeweza kumeza, mtu wa Pangani akamjibu, na Bi Zaituni akasahihisha palipopinda. Watu walimpenda, na alistahili.

Kundi hilo lilikuwa na sharti moja mlangoni. Kila mgeni alitakiwa aandike kwanza "me" au "ke", yaani kama ni mwanamume au mwanamke, kabla ya kusema lolote. Msimcheke Bi Zaituni. Alilelewa na watu wasiomwita mtu jina kavu: ni kaka, dada, baba, mama. Atamjibuje mtu kama hajui amwite nani? Tena wanawake wengi mle walieleza mambo ya mwilini, wakataka kujua anayewasikiliza ni nani. Kwake sharti lile lilikuwa adabu tu.

Siku moja asubuhi aliingia mtu aliyejiita Nyumba ya Mlimani. Aliandika: "Hamjambo. Mama yangu amepata kiharusi, hawezi kujigeuza. Chini ya mgongo pamekuwa pekundu. Nifanyeje?"

Bi Zaituni alikuwa jikoni anakuna nazi. Alipangusa kidole kimoja, akaandika: "Karibu sana. Taja kwanza me au ke, kisha tutakusaidia." Akarudi kwenye mbuzi yake.

Hakujibiwa. Siku ya kwanza alisema labda mtandao ni mbovu. Siku ya pili alisema mtu mwenye shida ya kweli angejibu. Siku ya tatu visingizio vilimwishia, maana yeye alijua vizuri pekundu pa namna hiyo panageuka nini pasipotazamwa. Siku ya nne hakungoja tena. Akaitafuta namba ya yule mtu, akapiga, akajitaja.

"Shikamoo, mama," ikajibu sauti nzito ya mwanamume.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Nyumba ya Mlimani?"

"Ndimi. Naitwa Mhina. Niko huku juu, Amani."

"Mbona ulininyamazia? Nilikuuliza neno moja tu."

"Neno lenyewe ndilo zito, mama. Mimi ni mtoto pekee, na mke sijaoa. Mama yangu namwogesha mwenyewe. Hapa kijijini wameshanisema mpaka basi, eti sina haya, nitafute mwanamke. Nikaona nikiandika me, na ninyi mtaniambia hayohayo. Nikiandika ke, nadanganya. Basi nikanyamaza."



"Na mgongo?" akauliza Bi Zaituni.

"Umechanika juzi."

"Unamlaza juu ya nini?"

"Godoro, shuka, halafu kitambaa cha mpira juu yake, asilowanishe godoro."

"Mgongo wake unagusa mpira mtupu?"

"Ndiyo, mama."

"Utoe sasa hivi, Mhina. Weka shuka kavu juu ya huo mpira, umlaze ubavu. Nenda, nakusubiri hapahapa kwenye simu."

Kesho yake Bi Zaituni alipanda gari la asubuhi la kwenda Amani na mkoba wake wa dawa. Alikuta nyumba ndogo iliyofagiwa, na chumbani amelala mama mmoja mwembamba, Bi Mwanamvua, upande mmoja wa uso umelegea. Ilikuwa saa ya kuoga. Bi Zaituni akasema endelea, mwanangu, nisikuzuie.

Mhina akatandaza kanga juu ya mama yake, toka kifuani hadi miguuni. Akapitisha mikono chini ya kanga ile na kitambaa cha maji ya vuguvugu, uso wake ameugeuzia dirishani. Mikono ilifanya kazi bila macho. Na muda wote alimsimulia mama yake habari za shamba: iliki imeanza kuchanua, nguruwe mwitu wamefukua magimbi ya jirani, jirani kaapa hatalala. Bi Mwanamvua alicheka kwa nusu ya mdomo aliyobaki nayo.

Bi Zaituni alikuwa amefundisha wauguzi wasiohesabika, wenye vyeti na vitambaa vyeupe kichwani. Hakuwahi kuona mgonjwa akisitiriwa hivyo. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alipokigeuzia macho kile kidonda, kipana kama kiganja cha mtoto, yakamtoka mengine, na hayo yalikuwa ya aibu yake mwenyewe.

Alikisafisha, akamwonyesha Mhina namna ya kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, akampa barua ya kupeleka zahanati. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mwenzangu. Mwanao alikuja kwangu siku nne zilizopita, nikamuuliza kwanza kama ni mwanamume au mwanamke."

Bi Mwanamvua alimgeuzia macho. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Mimi ndiye... niliyekuwa naumwa," akasema. "Mbona... mlimuuliza habari zake yeye? Mwenye mgonjwa... huulizwa mgonjwa."

Jioni ile Bi Zaituni aliyaeleza yote kundini, kwa ruhusa ya Mhina, bila kumtaja jina. Kosa lake hakulipunguza. Akasema sharti la mlangoni limekwisha. Wengi walikubali, ila Mama Kolumba wa Korogwe alikuja juu.

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa hukusumbuliwa," akaandika. "Mimi mwezi uliopita tu mwanamume kanifuata inboksi na maneno machafu!"

"Pole, mwenzangu. Na siku anaingia aliandika nini?"

"Aliandika ke," akajibu Mama Kolumba.

"Basi mlango wetu umemkaribisha mwongo, ukamfukuza mkweli. Msumbufu tutamtoa kwa vitendo vyake. Na mambo yetu ya sitara tutayafungulia chumba cha pembeni, wanawake wanaojuana, kila mmoja na wa kumdhamini."

"Na mgeni nikimjibu, nitamwitaje?"

"Mwite mwenzetu. Si anauguza kama wewe?"

Wiki iliyofuata aliingia mgeni mwingine, akaanza kujieleza: mimi naitwa fulani, mimi ni... Kabla hajafika mbali alikatizwa na Mama Kolumba, yeye yuleyule, aliyemwandikia: "Karibu, mwenzetu. Hayo baadaye. Mgonjwa anaendeleaje?"

Na Bi Mwanamvua? Alipona kidonda, na akaishi miaka mingine sita mikononi mwa mwanawe, na wale waliomsema Mhina wakaja mmoja mmoja kumwomba awafundishe ile kazi ya kanga. Lakini kidonda chenyewe kilichukua miezi mitatu kufunga. Bi Zaituni alipanda mlima ule kila Jumamosi kukisafisha, na kila alipofungua bandeji alijua kwamba siku ile ya kwanza palikuwa pekundu tu, na kwamba mtu alikuwa amekuja kumwambia.

Mwenye mgonjwa huulizwa mgonjwa.