Nguchiro Alipostaafu Ulinzi

Paukwa!

Pakawa!

Ndiko kuitikia gani huko, kama mmeshinda na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Tunu, vuta mguu huo, utaungua.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima cha mawe, na katika mawe hayo waliishi Pimbi. Adui yao alikuwa Chatu. Basi wakamweka Nguchiro kuwa Mlinzi Mkuu wa Mapango, maana nani asiyejua kwamba nguchiro na nyoka hawapikiki chungu kimoja? Kila pango lilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa siri wa nyuma. Nguchiro aliijua yote. Na alilinda vizuri, tusimnyime haki yake.

Siku ikafika, akastaafu. Pimbi wakamchezea ngoma, wakamvisha maua, wakatoa machozi. Kesho yake asubuhi, jamani, Nguchiro huyo kwa Chatu! Ameajiriwa. Cheo chake Mshauri.

Sasa kilimani palikuwa na sheria: mlinzi akiacha kazi, akae misimu mitatu ya mvua ndipo aende kula kwa adui. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mzee Kobe, aliyeandika kila kitu kwenye magome ya miti. Mama Pimbi, mjane mwenye watoto watatu, akamwendea mbio.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Nguchiro yuko kwa Chatu, na hata msimu mmoja haujapita!"

"Marahaba, mwanangu. Jambo zito hilo. Nitamshauri."

"Kumshauri tu?"

"Sheria imenipa kushauri. Kuuma haikunipa."

Kobe akamwita Nguchiro. "Nakushauri usimwambie Chatu habari za milango."

"Mzee wangu, mdomo wangu kufuli!"

Na kweli hakusema. Alinyoosha mkia tu, kuelekea mlango wa nyuma. Siku ile ile Chatu akammeza jirani wa Mama Pimbi.

Mama Pimbi akarudi kwa Kobe analia. "Nitamshauri," akasema Kobe, akaandika gome la pili. "Nguchiro, nakushauri usinyooshe mkia."

"Mzee wangu, mkia nimeukunja!"

Na kweli aliukunja. Akatoka matembezi tu, kupunga upepo, na Chatu naye, kumbe, alikuwa akipunga upepo nyuma yake. Siku hiyo akamezwa dada yake Mama Pimbi.

Kobe akaandika gome la tatu. "Nakushauri usitembee."

"Mzee wangu, miguu imetulia!"

Na kweli haikutembea. Alikwenda kukaa kitako, tuli, mbele ya mlango wa nyuma wa Mama Pimbi.

Mama Pimbi alipomwona pale, roho ilimruka. Watoto wake watatu walikuwa ndani, na Kobe alikuwa keshabandua gome la nne. Alilia mpaka akachoka. Kisha akapangusa macho, akaenda mwenyewe hadi kwa Chatu, akasimama juu ya jiwe refu.

"Bwana Chatu, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini, we kitoweo?"

"Ya mshauri wako. Anaondoka lini?"

"Aondoke aende wapi?"

"Mimi sijui, bwana. Kwetu alikaa, akajua milango yetu, akaja kwako. Kwako nako amekaa. Amejua unapolala. Amejua siku ukishiba hata kujigeuza huwezi. Amejua mkeo alipoficha mayai. Na Tai, adui yako, bado hana mshauri."

Chatu alikuwa hajaliwaza hilo hata siku moja, na bongo lake lote!

"Hivi," akauliza polepole, "hakuna sheria juu ya mambo haya?"

"Ipo. Akae misimu mitatu."

"Mitatu tu? Michache mno! Na nani anaisimamia?"

"Mzee Kobe. Huwa anashauri."

"Anashauri!" Chatu akafoka. "Huo ni mzaha! Wanatuweka hatarini!"

Akatambaa hadi alipoketi Nguchiro. "Mshauri wangu, ukitoka kwangu utakwenda wapi?"

Nguchiro, kwa mazoea yake, akajibu kwa adabu: "Bwana mkubwa, bado nawasikiliza wanaoniita."

Jibu hilo ndilo lililomwua. Chatu alimmeza na maneno yake.

Chatu akalala siku kumi ameshiba. Pimbi nao wakaziba milango yote ya zamani, wakahamia nyufa nyingine, na safari hii hakuna aliyemwonyesha mtu mlango wake.

Na Mzee Kobe? Aliandika kwa mwandiko mzuri: "Mstaafu ameacha ajira yake mpya. Ushauri umefuatwa." Akalisoma gome lile barazani, Pimbi wakampigia makofi. Mama Pimbi hakuwapo. Alikuwa akiwalisha watoto wa dada yake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye la kuongeza na aongeze kuni.