Bi Pimbi Aenda Kuona Hanyamazi

Ngano, jamani, ngano!
— Iko shambani!
Imeiva?
— Imeiva mpaka inainama!
Nani avune?
— Vuna wewe, kutafuna tuachie sisi!

Basi. Hapo kale, mlimani, juu ya mashamba, juu ya migomba, juu hata ya mianzi, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene, mashavu mawili. Mkia hana, na msimuulize.

Bi Pimbi alikuwa na hamu moja tu duniani: kuyaona maporomoko ya Hanyamazi. Yako mbali huko juu, kwenye msitu wa baridi ambako umande huganda ukawa mweupe kama chumvi na miti hufuga ndevu. Yaliitwa hivyo kwa sababu kucha kutwa hayanyamazi: ngurrrr! Bibi yake aliyemlea aliwahi kufika. Kila akisimulia alisema, "Mjukuu wangu, yale maji..." halafu anatazama juu, kimya, mpaka chakula kinapoa.

Kwa nini Bi Pimbi hakwenda? Kwa sababu njia ilipita mlangoni kwa Chui. Na Chui, ndugu zangu, alikuwa na roho ya kutaka. Akipata mmoja, anataka wawili. Akipata wawili, analia kwa nini si watatu.

Asubuhi moja Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe anaota jua, macho kayafumba. Akasikia paa! Mkono mzito mgongoni.

"Shikamoo, Mzee," alisema Bi Pimbi kutoka chini ya makucha, maana adabu ni adabu hata ukiwa kitoweo.

"Marahaba. Nianze na kichwa au na miguu?"

"Anza utakapo, Mzee wangu. Ila naona huruma."

"Unajihurumia?"

"Nakuhurumia wewe. Meno yote hayo kwa pimbi mmoja! Wenzangu arobaini wako Hanyamazi harusini. Wiki nzima wanakula tu. Wamenona hata kukimbia hawawezi."

Mkono ukawa mwepesi kidogo. "Arobaini?"

"Arobaini, Mzee. Wapishi sijawahesabu."

Uongo mtupu! Harusi haikuwapo. Na kibaya zaidi, Bi Pimbi mwenyewe njia hakuijua. Alichokuwa nacho ni neno moja la bibi yake: mto uwe mkono wako wa kushoto. 

Chui akakata mmea mtambaazi mrefu, akaufanya kamba. Ncha moja akaifunga kiunoni kwa Bi Pimbi, ncha ya pili kiunoni kwake mwenyewe.

"Ukikimbia, tunakimbia wote," alisema.

"Vizuri, Mzee. Ila usile njiani. Pimbi wana pua. Wakinusa damu mdomoni mwako, wote mashimoni."

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakamkuta Paa anakula majani.

"Bi Pimbi, yule si paa?"

"Ni paa, Mzee. Mle. Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu."

Chui akameza mate, gudu! Wakapita.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakamkuta Kanga na vifaranga vyake.

"Bi Pimbi, wale si kanga?"

"Ni kanga, Mzee. Wale. Sita."

"Sita tu?"

"Sita tu."

Gudu, gudu! Wakapita.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakamkuta Nguruwe, mpana, kaziba njia nzima.

"Bi Pimbi! Usiniambie yule si nguruwe!"

"Ni nguruwe, Mzee. Mle ushibe. Nitawaambia wale arobaini wanywe chai, hutafika tena."

Gudu, gudu, gudu! Wakamzunguka. Nguruwe akabaki mdomo wazi. "Jamani," alisema, "Chui anaumwa?"

Siku ya pili wakaingia kwenye baridi. Nyasi zilivunjika chini ya miguu, kacha, kacha. Bi Pimbi akaanza kutetemeka, na safari hii hakuwa akiigiza.

"Mzee, pimbi akipoa miguu husahau njia."

"Isahau uone!"

"Sitaki kuisahau, ndiyo maana nakuambia mapema."

Chui akanung'unika, akainama, akambeba mgongoni. Loo! Manyoya mazito, joto kama jikoni. Bi Pimbi akakaa huku akitazama maua marefu kuliko mtu na ndevu za miti zikipepea. Mara moja moja alisahau kabisa kwamba amempanda mtu anayetaka kumla. Kisha Chui anameza mate, gudu, naye anakumbuka.

Mchana ukungu ukashuka. Wakafika mahali mto umegawanyika, mmoja kushoto, mmoja kulia. Bibi yake hakusema kuna mito miwili.

"Njia ipi?" aliuliza Chui. Sauti yake ilikuwa mbaya. Siku mbili hakutia kitu tumboni.

Bi Pimbi akatazama kushoto. Ukungu. Akatazama kulia. Ukungu. Hapo aliona mwisho wake, na aliona ni mwisho wa kijinga, kufa hatua chache kabla ya kufika.

"Mzee," alisema polepole, "hebu nyamazisha tumbo, linanguruma. Nataka nisikilize."

"Tumbo langu limenyamaza."

"Linanguruma, nalisikia."

"Nimekwambia si tumbo langu!"

Wakatazamana. Ngurrrr! Ilitoka kulia.

"Kulia, Mzee!" alisema Bi Pimbi. "Nilikuwa nakupima masikio tu."

Ukungu ukafunguka. Mwamba mweusi mrefu, na maji yanaanguka, yanaanguka, meupe, kama yamemwagwa na mtu aliyesahau kuinua chungu. Kingo zote zimeganda zinang'aa. Bi Pimbi akasahau kufumba mdomo.

"WAKO WAPI?" alipiga kelele Chui.

"NYUMA YA PAZIA!"

"NINI?"

"PAZIA LA MAJI! PANGONI!"

Chui akaweka mguu kwenye mwamba. Makucha yakateleza, kwii! Akaurudisha upesi. Lakini nyayo za pimbi zina unyevunyevu, hushika jiwe kama ulimbo.

"NENDA UWATOE WEWE! UKICHELEWA NAKUVUTA!"

"NIKITIKISA KAMBA MARA TATU, NIMESHAWAFUNGA WOTE! VUTA KWA NGUVU ZAKO ZOTE!"

Bi Pimbi akapita ukingoni, akaingia nyuma ya maji. Pango lilikuwapo kweli! Ndani hamkuwa na harusi wala mpishi. Kulikuwa na gogo kubwa lililoletwa na mafuriko, limelala ukingoni, nusu ndani, nusu nje, linayumba. Bi Pimbi akalitazama, gogo nalo kama linamtazama. Akaitafuna kamba kiunoni, kru, kru, kru, akaifunga kwenye gogo. Akatikisa: tiki, tiki, tiki.

Chui akavuta kwa nguvu za njaa ya siku mbili. Pazia likapasuka, kitu kikubwa cheusi kikatoka.

"Wamekuja wote kwa mkupuo!" alishangilia Chui, akapanua mdomo.

Gogo likampita puani, vuuu! Likaanguka kwenye bwawa la chini, kishindo. Kamba ikakaza. Chui akaangalia kamba. Akaangalia kiuno chake.

"Ala," alisema. Chubwi!

Maji yale yalikuwa na barafu. Gogo likaelea, Chui akalikumbatia kama mama mzazi, mto ukawachukua wote wawili. Alipanda kwa siku mbili, akashuka kabla ugali haujaiva. Wanawake waliokuwa wakifua huko bondeni waliona chui amepanda gogo, kaloa, anatetemeka. Waliacha nguo zote.

"Nilikwenda kuoga," alimwambia kila aliyemuuliza. "Maji mazuri. Ya baridi kidogo."

Akapata mafua yasiyopona. Akinyemelea paa, chya! Paa huyoo. Akinyemelea kanga, chya! Msimu mzima alikula panzi.

Na Bi Pimbi? Alikaa nyuma ya maji mpaka jua likapenya pazia na upinde wa mvua ukasimama hapo hapo pangoni, karibu kiasi cha kuguswa. Akanyoosha mkono. Mkono ukawa mwekundu, kijani, buluu. Akacheka, na hakujisikia anacheka kwa ule mngurumo. Kesho yake akateremka nyumbani polepole, mto mkono wake wa kulia, akisalimiana na kila mtu njiani.

Sasa, watoto wazuri, funzo lake mlishike sana. Msiseme uongo! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Pimbi ilikuwa siku mbili nzima, nusu yake kabebwa.

Mdomo wangu umechoka, naulaza hapa. Mwenye wake bado mzima, na auamshe.