Mabati Mawili ya Kajiru

Milimani Upare, wanakijiji walichanga wakajenga kuta za wodi ya wazazi, nguvu zikawaishia kabla ya paa. Ndipo Kajiru, tajiri wa mabasi, akaleta mabati mawili, wapiga picha watatu na sharti.

"Jina langu liandikwe ukutani, upande wa barabara. Herufi kubwa!"

"Kwa mabati mawili?" wanawake walinung'unika.

Mkunga Nakiete akawanyamazisha. "Tutaandika, baba. Tuseme wodi yote umejenga wewe?"

"Yote!"

"Na rangi iwe ya mafuta, isifutike hata kwa mvua?"

"Wewe peke yako ndiye mwenye akili hapa," alisema Kajiru, akanunua kopo zima.

Wanawake walimwita Nakiete kibaraka. Yeye akapanda ngazi, akaandika: WODI HII IMEJENGWA NA KAJIRU.

Jumamosi wakaja wageni kumposa binti wa Kajiru. Gari likawakwamia njiani, mvua ikawashukia. Wakasoma jina, wakakimbilia ndani kujikinga, wakatoka wamelowa chapachapa.

"Mzee," mshenga alimwuliza Kajiru, "yale mabasi ni yako kweli, au umeazima?"

Kajiru alimwendea Nakiete mbio. "Futa jina langu!"

"Halifutiki, baba. Rangi uliinunua mwenyewe."

Kesho yake lori likashusha mabati sabini na mafundi wanne. Paa lilipokamilika, Kajiru alisimama chini yake akihema kwa hasira.

"Umeridhika sasa?"

"Paa zuri sana," alisema Nakiete. "Ila milango haipo. Mahari inaletwa lini?"