Mvuvi wa Ziwa Aliyetazama Mbingu

Ndugu zangu, leo nitawasema kidogo, na mtanisamehe. Sisi watu wa ziwa tuna maringo. Mgeni akitufundisha jambo la maji tunamcheka mpaka machozi. Basi sikilizeni habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake msiniulize.

Huyu bwana alikuwa mvuvi hodari wa mshipi. Samaki walipoadimika ziwani, akamchukua mkewe wakahamia pwani kuanza upya. Kule akakuta jambo ambalo huku kwetu halipo: bahari huondoka. Naam, huondoka! Maji hupwa, watu wakatembea kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga huko mbali, wakavua. Kisha maji hurudi, upende usipende.

Siku ya kwanza akafuatana na wenyeji, mkewe nyuma amebeba kikapu na chambo. Njiani wakavuka bonde dogo, maji yakiwafika vifundoni. Jirani yake akamshika mkono.

"Kaka, hapa paangalie sana. Maji yakianza kujaa, hapa ndipo yanapopita kwanza. Kule kwenye fungu utakuwa bado mkavu, kumbe huku njia imeshafungwa. Tukisema twende, twende."

Yule bwana akacheka. "Mimi nimezaliwa juu ya maji, ndugu yangu. Nimepigwa na dhoruba ambazo ninyi hamzijui."

"Sijakwambia dhoruba," jirani akasema. "Nimekwambia maji."

Je, hakusikia? Alisikia vizuri sana. Kusikia si kazi, kazi ni kukubali.

Wakavua muda mrefu, hawakupata kitu. Baadaye wenyeji wakaanza kukunja mishipi yao. Na hapo hapo, jamani, samaki wakaanza kula! Maana samaki wa kule huja na maji yanayojaa. Akavuta samaki aina ya changu mmoja, akavuta mwingine. Wenzake wakamwita, akawapungia mkono: tangulieni, naja.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, mbona wenzetu wote wanaondoka?"

"Wamekata tamaa hao. Tazama mbingu. Unaona wingu? Unasikia upepo? Wewe shika kikapu."

Mnaelewa alivyokosea? Huku kwetu maji hayamdhuru mtu mpaka upepo uyachafue. Kwa hiyo alitazama mbingu, kama baba yake alivyomfundisha, na mbingu kweli ilikuwa safi. Lakini yale hayakuwa maji ya baba yake.

Yule mama akageuka, akaona lile bonde limepanuka. Alikuwa ameambiwa ashike kikapu, akashika kikapu.

Bwana alipogeuka, bonde lilikuwa limekuwa mto. Wakaingia wameshikana mikono. Katikati mkondo ukawatenganisha. Yeye ni mtoto wa ziwa, akaogelea, akatoka ng'ambo akitapika chumvi. Mkewe alikuwa binti wa wakulima wa mtama, maji aliyoyajua ni ya mtungini. Bwana akarudi kupiga mbizi, akiita, mpaka wenyeji wakamtoa kwa nguvu. Maji yalipokupwa tena, wanawake wa pale wakamkuta mama kwenye majani ya bahari, ukanda wa kikapu ungali begani mwake.

Naona mnatikisa vichwa. Mnangoja niseme kiburi humwangusha mwenye kiburi. Laiti ingekuwa hivyo! Mwenye kiburi yu hai mpaka leo, anakula, analala. Alijua kuogelea. Aliyekufa ni yule asiye na kosa, aliyeona, akauliza mara moja, akanyamazishwa.

Hilo ndilo linaloniuma, ndugu zangu, na linaniuma kwa sababu ni letu. Baba anaumwa, anakataa hospitali, anasema mimi najijua. Haya, ukifa, nani atalala njaa? Mama amegombana na ukoo mzima, hataki kusuluhishwa. Je, siku mwanao akiozwa, atasimamiwa na nani? Sisi wazee wa kanisa tukishupaza shingo, sisi tuna imani ya kutufikisha ng'ambo, au tunadhani tunayo. Lakini yule aliyeokoka juzi, aliyeingia majini kwa sababu alituona sisi tunaingia, yeye ana nini cha kumvusha?

Na msiniambie hamkuonywa. Mmeonywa mezani kwenu, na mtu aliyesema kwa sauti ndogo, kwa sababu mmemzoesha kusema kwa sauti ndogo.

Basi leo sitaki mtu aje mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda nyumbani. Kabla ya chakula, kaa na yule uliyezoea kumkatisha, umuulize: wewe unaona nini? Kisha funga mdomo, hata kama jibu lake litakuchoma.