Mtungi Uliovaa Shati

Mtu mmoja alikuwa na kamba, na mwisho wa kamba hiyo alikuwa na shemeji. Lugendo alibaki juu akizungusha gogo la kamba. Mhoja, kaka wa mkewe, alishuka chini kuchimba kisima. Katikati ya kisima palikuwa na jiwe lililochomoza ukutani. Mzigo, hata ukiwa Mhoja mwenyewe, ukilikaribia, Lugendo alikiona kitambaa chekundu kilichofungwa kambani, au alisikia sauti ya Mhoja ikimwambia asimame. Alisimama, mzigo ukatulia, ndipo akavuta taratibu.

Kabla ya kazi, Lugendo alikunywa gongo kidogo na kuvuta bangi kidogo. Akionywa, alicheka. Pombe inamkimbiza, bangi inamshikia breki, sasa ubaya uko wapi? Alilieleza jambo hilo vizuri mpaka watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Nyamizi, mkewe, hakutikisa. Likitokea la kutokea, angemzika kaka yake, kisha arudi nyumbani kumpikia aliyemwangusha.

Asubuhi moja, mumewe akiwa hajaonja kitu, Nyamizi aliuvisha mtungi shati la Mhoja, akaushusha kisimani. Akamvalisha mumewe miwani iliyopakwa mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo pombe, alimwambia, sasa vuta. Lugendo hakukiona kitambaa, ila alisikia mkewe akimwambia asimame, akasimama. Mtungi ukapanda mzima.

Mara ya pili miwani ikavuliwa, lakini akaagizwa kwamba akiambiwa lolote ahesabu kwanza hadi tano. Hiyo ndiyo bangi. Masikio yakachelewa, macho yakawahi kitambaa. Mtungi ukapanda mzima, na Lugendo akaanza kuchezesha mabega kama bwana harusi.

Mara ya tatu akapewa vyote viwili. Nyamizi akamwambia asimame. Lugendo akahesabu huku mikono ikizungusha gogo: moja, mbili. Hakufika tatu. Kishindo kikatoka chini, vigae vikaanguka majini kimoja kimoja. Kilichopanda ni shingo ya mtungi, na shati lililochanika kifuani.

Mabega yalitulia. Mhoja, aliyekuwa kando akitazama, alilichukua shati, akapitisha mkono wake wote pale palipochanika.

"Shemeji," akasema, "jana nilikuwa nimelivaa."

Nanyi mnaosema kimoja kinatuliza kingine, kwenye kamba yenu mmemning'iniza nani?