Jino la Kenge

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma wasogee, walio mbele wasitafune kwa sauti. Ngano inapita, na njia yake ni nyembamba.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuzizungushia nyua, palikuwa na kitongoji kiitwacho Salamuni. Kilikuwa na kijia kimoja tu. Mwanzo wa kijia, kando ya bwawa, alikaa Bi Bata. Katikati alikaa Bi Mbuzi. Mwisho, penye njia ya kutokea, alikaa Bwana Punda.

Watu wa Salamuni walikuwa na desturi moja: jirani husalimiwa kikamilifu. Huulizwa hali yake, kisha ya nyumba yake, kisha ya jamaa zake wote. Kukatiza salamu katikati ilikuwa aibu kubwa.

Basi, Bi Bata alikuwa na mayai matatu, na hakutarajia kutaga mengine mwaka ule. Kila adhuhuri aliyafunika kwa manyoya, akaenda bwawani kutafuta chakula. Siku moja aliporudi, akakuta mayai mawili.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Bi Mbuzi akatoka mbio. Bwana Punda akatoka mbio. Wakakutana kijiani, wakasimama.

"Bwana Punda, hujambo?"

"Sijambo, Bi Mbuzi. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Na mjomba wako yule wa ugomvi wa mateke, mguu umepona?"

"Mguu wake mzima. Yeye ndiye aliyepiga."

Bi Bata akafika akihema. "Nimeibiwa!"

"Tumesikia, Bi Bata. Lakini hujambo?"

"Yai langu!"

"Ndiyo, yai. Hujambo, kwanza?"

Wakati huo Kenge, ambaye huja kuoga bwawani kila siku, akapita taratibu akielekea kwake. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba.

"Pole na jino, Bwana Kenge!" akasema Bi Mbuzi.

Kenge akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda zake.

Jioni majirani wakafanya kikao, wakaamua kila mmoja alinde kwake. Siku ya pili Bi Bata akaenda bwawani upesi, akarudi upesi zaidi. Yai lilikuwa moja.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

"Kwangu hajafika!" akajibu Bi Mbuzi nyuma ya mlango.

"Kwangu pia ni salama!" akajibu Bwana Punda. "Hongereni!"

Bi Bata akaketi juu ya yai lake la mwisho, akalia. Baadaye Bi Mbuzi akaja kumpa pole, huku akitafuna ufagio wa mwenye nyumba.

"Dunia ina mitihani, Bi Bata. Wewe mayai, Kenge jino. Nimemwona kwenye upenyo wa ua, shavu la kushoto limemvimba hivi!"

Bi Bata akaacha kulia. "Jana lilivimba shavu gani?"

"La kulia."

"Na leo?"

"La kushoto."

"Bi Mbuzi, jino huhama?"

Bi Mbuzi akaacha kutafuna, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Salamuni.

Wakamwita Bwana Punda. Yeye alitaka kwenda kumpiga Kenge teke pale pale, lakini Bi Bata akamzuia. "Ushahidi ameshaula, na akikana tutasema nini? Tumkute na hili la mwisho mdomoni. Na afumbue kinywa yeye mwenyewe. Mkimpiga, litapasuka."

"Atafumbuaje?"

"Utamwamkia wewe, Bwana Punda."

"Mimi? Nimwamkie Kenge? Mimi niliyemwona akitoka kwenye ganda?"

"Hajawahi kuambiwa shikamoo na kiumbe yeyote. Anaitamani kuliko mayai."

Bwana Punda akazunguka ua wake akinung'unika, mwishowe akakubali. Akatoa na nyasi zake kavu, zikatandikwa nene mbele ya lango lake. Bi Mbuzi akaapa kutozila. Bi Bata, aliyependa kupiga mayowe kuliko wote, akaapa kunyamaza.

Siku ya tatu, adhuhuri, Bi Bata akaondoka kama kawaida. Hakwenda bwawani, alijificha vichakani, mdomo ameukandamiza kwa bawa. Akamwona Kenge akinyata. Akamwona akichukua yai, yai la mwisho, akilitia mdomoni. Kenge hakulila pale, kwa kuwa hali yai bila chumvi na pilipili, na vyote viko kwake. Yowe likampanda Bi Bata hadi kooni. Akalimeza.

Kenge akafika kwa Bi Mbuzi.

"Bwana Kenge, hujambo?"

Kenge akatikisa kichwa.

"Nakusalimu kwa mdomo, wanijibu kwa shingo?"

"Mmm."

"Mmm ndiyo nini? Wa nyumbani nao mmm?"

Kenge akaharakisha, na Bi Mbuzi akamfuata kwa nyuma, macho yake kwenye nyasi, mate yakimdondoka. Mbele, Bwana Punda alikuwa amesimama langoni. Akainamisha masikio, akasema kwa adabu:

"Shikamoo, Mzee Kenge."

Kenge akasimama. Mzee! Akatazama huku na huku ahakikishe wengine wamesikia. Kifua kikamjaa.

"Marahabaaa!"

Yai likadondoka kwenye nyasi, likabingirika, likatulia. Zima! Kenge akageuka, akakuta pembe. Akageuka tena, akakuta kwato. Bi Bata, aliyekuwa akiwafuata kichaka kwa kichaka, akaruka kutoka mafichoni, akalikumbatia yai lake, kisha akaachia yowe lote alilolimeza. Kenge akaanguka chali.

Wakamhukumu: kila apitapo Salamuni, asalimiane kikamilifu na kila lango. Kesho yake akajaribu. Bwana Punda alipofikia kumuuliza hali ya shangazi wa mama yake, Kenge akakimbia, akajitosa majini. Ndiyo maana mpaka leo Kenge akikuona hukimbilia majini. Anaogopa utamuuliza habari za nyumbani.

Na yai? Likaanguliwa, kikatoka kifaranga chenye sauti ya mama yake. Salamuni nzima ikakosa usingizi, na hakuna aliyelalamika.

Funzo la ngano hii ni kwamba Kenge hakuwashinda wale watatu kwa nguvu. Aliwashinda walipozungumza bila kutazama, akawashinda tena kila mmoja alipojifungia kwake. Mtaa hulindwa na majirani wanaolichukulia yai la mmoja kuwa yai la wote, kila mtu akatoa kile kinachomuuma kukitoa.

Hapa ndipo nilipoifikisha. Utamu wake nawaachia nyinyi. Uongo wake narudi nao nyumbani.