Wasomi wa Kilimani na Maji ya Bondeni

Gubwi!

Sauti moja tu, usiku, kisha kimya. Mmeisikia? Aliyeisikia yuko macho, na aliye macho ndiye ninayemwita. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na chuo chao, chuo kilikaa juu ya kilima cha mawe. Bondeni palikuwa na kisima. Juu elimu, chini maji. Wa juu hawakushuka. Wa chini walipanda wakiwa na shida.

Chuoni kila msomi alikuwa na jiwe lake. Nguchiro alikalia jiwe la maradhi. Pimbi, mwalimu kijana, alikalia jiwe la majani na mizizi. Mkuu wao, Kakakuona, alikalia jiwe kubwa kuliko yote. Na mwiko wa chuo ulikuwa mmoja: usikanyage jiwe la mwenzako. Swali la homa, kwa Nguchiro. Swali la majani, kwa Pimbi. Swali lisilo na jiwe, kwa Mkuu. Na Mkuu akiulizwa swali gumu alifanyaje? Alijikunja. Kru, kru, kru, akawa mpira wa magamba. Wasomi wakanong'ona, "Kimya. Mkuu anafikiri."

Walikuwa wasomi kweli, msiwacheke. Walijua mengi. Ila kiu yao waliikata kwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye miamba. Kisima cha bondeni walikijua kwa macho, tena kwa mbali.

Basi, baada ya sauti ile ya usiku, watoto wa bondeni wakaanza kulegea miguu. Mtoto wa ngiri akasimama, akaanguka. Mtoto wa kanga akasimama, akaanguka. Kisha akaanguka binti wa Mama Paa, mtoto wake wa pekee. Mama Paa akamsukuma kwa pua, akapumzika, akamsukuma kwa pua, akapumzika, mpaka kilimani.

"Hodi, walimu. Mwanangu hasimami."

"Jina lake nani?" akauliza Nguchiro.

Mama Paa akamsogelea mtoto wake.

Sasa sikilizeni. Paa wana desturi yao. Jina la mtoto ni siri ya nyumba. Haambiwi yeyote mpaka awe amekunywa nao kisima kimoja. Jina, husema paa, ni kamba ya shingoni. Humpi mgeni akushikie.

"Mama, nimekuuliza jina."

"Mwite mtoto wa paa. Yatosha."

"Watoto wa paa ni wengi. Nitajuaje namtibu yupi?"

"Huyo aliyelala mbele yako, baba. Au unawaona wawili?"

Nguchiro akakohoa kidogo, akainama. Akatazama macho, akatazama ulimi, akapapasa miguu. "Hii si homa," akasema. "Kuna kitu kimemwingia tumboni. Na kiingiacho tumboni si jiwe langu. Nenda kwa Pimbi."

Pimbi akauliza, "Amekula jani gani?"

"Hajaanza majani, mwanangu. Ananyonya, na anakunywa maji."

"Maji? Hapa maji hayana jiwe, mama. Nenda kwa Mkuu."

Mama Paa akalisogelea jiwe kubwa. "Mkuu, maji ya kisima chetu yamebadilika, na watoto..."

Kru, kru, kru.

"Kimya," wakasema wasomi. "Mkuu anafikiri."

Mama Paa akangoja. Jua likapanda, jua likashuka. Mpira haukufunguka. Akaugonga kwa kwato, ko, ko.

"Anafikiri au amelala?"

Wasomi wakageukia mawe yao.

"Haya, fikirini vizuri," akasema Mama Paa. "Mwanangu akifa, mtapata jambo la kufundisha." Akamgeuza mtoto, wakashuka.

Maneno yale yakamkesha Pimbi. Kulipokucha akasimama ukingoni mwa kilima.

"Wapi hiyo?" akauliza Nguchiro.

"Bondeni."

"Bondeni una jiwe gani wewe? Unavunja mwiko, Pimbi."

"Mwiko ni kukanyaga jiwe la mwenzangu. Bondeni ni udongo."

Akashuka, tipu, tipu, tipu. Akamkuta Mama Paa kando ya kisima. Mtoto amelala ubavu, pumzi nyembamba kama uzi.

"Umekuja kuuliza jina?"

"Nimekuja kunywa maji, mama."

"Maji haya yanaumiza."

"Wewe unayanywa?"

"Ninywe nini kingine? Sisi wakubwa yanatuchosha, watoto yanawaangusha."

Pimbi akainama, akapiga funda moja. Ulimi ukafa ganzi. Midomo ikamchonyota. Magoti yakatetemeka. Akaketi kitako, macho yakang'aa.

"Uchungu huu naujua. Nimeufundisha miaka yote na sijawahi kuuonja. Huu ni utupa, mmea wa kulewesha samaki. Mama, maji yalibadilika lini?"

"Tangu usiku wa kishindo. Ukingo ulimeguka, ukatumbukia kisimani na vichaka vyake."

Pimbi akatazama. Kweli, chini ya tope mizizi ya utupa ilikuwa imelala, inaachia sumu yake polepole. Akavuta. Mzizi haukusogea. Akapanda kichuguu, akapiga ukelele wa pimbi, ule unaotoboa masikio.

"Nguchiro, shuka. Mimi naijua sumu, siijui dawa. Wewe unaijua dawa, hukuijua sumu. Tutakutana wapi kama si hapa?"

Nguchiro akatazama jiwe lake. Akatazama bonde. Akashuka akinung'unika, "Nikichafua mkia, utaufua wewe." Lakini alipofika hakunung'unika tena. Akawatapisha watoto wote, akaagiza maji ya mvua kutoka kwenye miamba, akawanywesha mmoja mmoja.

Ikabaki mizizi. Wakarudi wote wawili kwa Mkuu. Mkuu kuwaona tu, kru, kru, kru.

"Mkuu, hatukuletei swali," akasema Pimbi. "Tumekuja kuomba kucha zako."

Mpira ukatulia. Jicho moja likachungulia. "Kucha?"

"Kucha tu."

Kakakuona akakunjuka taratibu. "Mnajua," akasema, "mara nyingi sikuwa nafikiri. Sikuwa na jibu. Lakini kuchimba nakuweza."

Akashuka. Chaku, chaku, chaku. Tope likaruka, mawe yakaruka, mzizi ukang'oka, na mwenzake, na mwenzake. Akachimba mfereji, maji machafu yakatoka, yakatoka, yakatoka, mpaka chemchemi ikaleta mapya. Nani akanywa kwanza? Mkuu mwenyewe. Kisha Nguchiro. Kisha Pimbi tena, na safari hii ulimi haukufa ganzi.

Binti wa Mama Paa akasimama, akaanguka. Akasimama, akayumba. Akasimama.

Wapenzi wasikilizaji, funzo nalitoa sasa, maana nikifika mwisho sitaongeza neno. Chuo ni kitu chema. Msikibomoe, kishusheni bondeni. Shida za watu hazikugawanywa kwa mawe ya wasomi. Anayetaka kuwaponya wenzake, na anywe kwanza maji wanayokunywa wao, kisha awaite wajuzi wengine. Na tutaweza.

Hadithi yangu inaishia kisimani, pale wasomi watatu waliposimama na midomo iliyolowa maji. Nguchiro akauliza tena, safari hii kwa upole, "Mama, tumwite nani?"

Mama Paa akawatazama midomo. Akamlamba binti yake paji la uso.

"Anaitwa Mwanamvua."